Siku binti yangu aliponificha mkono

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa mbili na nusu hivi. Mama Neema alikuwa zamu kazini na mimi nilibaki na watoto wetu wawili: Neema, wakati huo ana miaka minne, na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Nilichemsha chai ya rangi, nikaweka birika mezani, nikaanza kupaka mkate siagi. Simu ikaita. Ndani mwetu mtandao unasumbua, kwa hiyo nikatoka barazani kuipokea. Sikukaa hata dakika mbili.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni birika kugonga sakafu. Halafu kimya. Mzazi mwenzangu, unakijua kile kimya cha mtoto anayevuta pumzi kabla hajalia. Nilipofika ndani, kitambaa cha meza kilikuwa chini, mkate uko chini, na Neema amesimama ameunyoosha mkono wake wa kushoto mbele kama anayetaka kuukabidhi kwa mtu. Chai ilikuwa imemwagikia kuanzia chini ya kiwiko mpaka mgongoni mwa kiganja.

Nitasema nilichofanya, maana sina sababu ya kukificha. Jirani alisikia kilio akaja mbio na dawa ya meno. "Mpake hii, Baba Neema, itavuta moto." Nikampaka. Nilipaka mkono mzima kama mtu anayepiga nyumba chokaa, nikamfunga kwa khanga ya mama yake, nikatafuta bajaji. Ndoo ya maji safi ilikuwa hatua tatu kutoka pale niliposimama. Sikuigusa.

Kazi ya kwanza ya nesi wa kituo cha afya ilikuwa kuiondoa dawa ya meno. Ilikuwa imeanza kukauka, na chini yake malengelenge yalikuwa yameshainuka. "Samahani baba, hii lazima itoke, na itamuuma," alisema. Ikamuuma. Niliambiwa moto umeingia safu ya juu ya ngozi na sehemu ya ile ya pili, si mpaka chini kabisa, na kwamba Mungu akijalia ngozi itarudi bila kupandikizwa. Tukapewa dawa ya maumivu na ratiba ya dresingi: kila baada ya siku moja.

Kama hujawahi kumpeleka mtoto dresingi, ni hivi. Kidonda kinafunikwa kwa ile shashi nyeupe ambayo hospitalini wanaiita gozi. Kidonda cha moto kinatoa majimaji, gozi inayanywa, kisha inakauka. Ikikauka, nyuzi zake zinakuwa zimeshikana na kigaga kilichoanza kujijenga. Siku ya kuibadilisha, gozi haitoki peke yake. Manesi wanailowesha kwa maji ya chumvi na kusubiri ilainike, na ukipata siku yenye foleni fupi wanasubiri vizuri. Foleni ikiwa ndefu, hawawezi kusubiri sana. Siwalaumu, benchi nilikuwa naliona kwa macho yangu. Kwa vyovyote vile, mtu anatakiwa amshike mtoto asijitikise, na mtu huyo nilikuwa mimi, kwa sababu mama yake alijaribu mara moja akashindwa, akatoka nje.

Mara nne nilimshika. Mara ya kwanza alilia akimwita mama. Mara ya pili alilia akiniita mimi, "Baba nisaidie", huku mikono iliyombana ni ya huyohuyo baba. Mara ya tatu hakuita mtu. Jioni ya siku hiyo tulitoka kwenda dukani, tukafika barabarani, nikanyoosha mkono nimvushe kama siku zote. Akauficha mkono wake wa kulia, ule mzima, nyuma ya mgongo. Akasema, "Nitavuka mwenyewe."

Sikumwambia mama yake.

Wakati huo nyumba nzima ilikuwa na imani moja kuhusu vidonda, na mimi nikiwemo. Kidonda kikauke. Bibi yake Neema alikuwa anapiga simu kila jioni: "Mnakifungafunga cha nini? Kiacheni kipate upepo, kitoe kigaga, mtoto apone." Hata mimi nilikulia hivyo. Tulianguka na baiskeli, tukapuliziwa magoti, tukaambiwa tusiloweshe. Kigaga kikidondoka chenyewe, umepona.

Mara ya nne kwenye chumba cha dresingi tulimkuta nesi mtu mzima ambaye hatukuwa tumemwona kabla. Alikiangalia kile kidonda kwa muda, akamwita daktari, wakazungumza. Kisha akanigeukia. "Baba Neema, kidonda ni kisafi, hakina usaha, na sasa hakitoi maji mengi. Kama mnaweza kumudu, tumwekee ya jeli."

Akafungua mfuko akanionyesha kipande cha kitu chenye kung'aa, cha kupitisha mwanga, kinene kama ganda la chungwa na kinachotetema kama jeli ya watoto. Kilikuwa cha baridi. Nikamuuliza kimetengenezwa na nini. Akasema, "Karibu chote ni maji."

Nikamwambia, "Sista, mimi nimeambiwa kidonda kikauke. Leo unakifunika na maji?"

Alicheka. "Una mtoto anayevaa pampasi nyumbani?"

"Yupo."

"Chukua moja mpya, uichane. Mimina maji uone. Halafu tutaongea keshokutwa."

Usiku ule nilikaa mezani na mkasi, na Neema akavutwa na udadisi akaja, kwanza amesimama mbali. Nikachana pampasi ya mdogo wake. Kati ya pamba mna chembechembe nyeupe kama chumvi. Nilizikung'utia kwenye glasi, zikafika kijiko kimoja hivi, nikampa Neema kikombe cha maji amimine. Maji yakaanza kunenepa mbele ya macho yetu. Baada ya dakika moja hapakuwa na maji tena kwenye glasi. Palikuwa na kitu kama barafu laini iliyopondwa. Nikaigeuza glasi juu chini. Hakikudondoka kitu. Neema akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi ile, akasema, "Tena!" Tuliharibu pampasi tatu. Mama yake alizipigia hesabu asubuhi.

(Nikumbushe hapa: ile ya pampasi ni ya pampasi. Si ya kupaka kidonda, si ya kumezwa wala kuguswa macho. Tulipomaliza niliitupa na kumnawisha mikono.)

Kitu kile kinaitwa haidrojeli, na bendeji ya Neema ni ndugu yake. Nimeelezwa na shemeji yangu, mdogo wake mama Neema, ambaye anasoma kemia chuo kikuu na ambaye kwa wiki tatu nilimjazia simu yake maswali. Chukua nyuzi ndefu sana, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya shule haizioni, za kemikali inayopenda maji. Zikiachwa hivihivi zingeyeyuka kama sukari. Lakini zikifungwa vifundo hapa na pale, zinakuwa kama wavu wa mvuvi. Maji yanaingia katika kila tundu, wavu unavimba, unavimba tena, lakini vifundo vinauzuia usisambaratike. Kwa hiyo unapata kitu ambacho kwa uzito wake wote kinaweza kuwa maji sehemu tisa kati ya kumi, na bado unakishika kwa vidole.

Wanasayansi wawili wa Czechoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walitangaza mwaka 1960 kwamba jeli za aina hii zinaweza kukaa ndani ya mwili wa binadamu au juu yake bila kuudhuru. Wichterle ndiye aliyekuja kutengeneza zile lenzi laini za kuvaa machoni. Na hili nimelipenda kama mzazi: lenzi zake za kwanza alizitengenezea nyumbani, Krismasi ya 1961, kwa mashine aliyoiunda kutokana na seti ya kuchezea ya watoto, vile vyuma vya kufunga kwa skrubu, ikizungushwa na dainamo ya baiskeli.

Habari ya kukausha kidonda nayo ilikuja kupata pigo mwaka 1962. Mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, aliwachuna nguruwe ngozi kidogo ya juu, vidonda vingine akaviacha wazi vipigwe upepo, vingine akavifunika kwa karatasi ya plastiki vibaki na unyevu. Vilivyofunikwa vilifunga ngozi karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa wazi. Mwaka uliofuata wenzake wawili wa Marekani, Hinman na Maibach, wakaona hali kama hiyo kwa binadamu. Sababu yake hata bibi yake Neema aliielewa nilipomwambia. Ngozi mpya haimwagwi kutoka juu, inatambaa. Seli zake zinaanzia pembeni mwa kidonda na kwenye vinyweleo vilivyosalia, zinasogea mpaka zikutane katikati. Kigaga kikiwepo, inabidi zipite chini yake, zichimbe njia. Unyevu ukiwepo, zinateleza.

"Kwa hiyo kigaga ni ukuta," bibi akasema kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Lakini sisi tulipona."

Ni kweli, walipona. Kidonda kidogo kitapona hata ukikikosea. Tofauti ni muda, kovu, na namna mtoto anavyopita katikati.

Keshokutwa yake Neema aliwekewa kipande cha kwanza cha jeli, kikashikiliwa kwa bendeji nyepesi juu. Alisema, "Baridi." Hakulia. Tukaambiwa turudi baada ya siku tatu badala ya siku mbili. Zile siku tatu nilizihesabu vibaya kuliko yeye. Nilikuwa naogopa kile chumba kuliko mtoto mwenyewe, na usiku nilikuwa najiuliza kama kweli jeli haitakauka na kushika kama ile gozi.

Siku ya kuitoa niliingia nikijiandaa kumshika. Nesi akaniambia, "Wewe kaa pale." Akamwambia Neema, "Unakumbuka ile ya kwenye glasi? Haya, vuta kona hii mwenyewe." Neema akanitazama. Akashika kona kwa vidole viwili, akavuta kidogo, akasimama, akavuta tena. Kitu kile kikateleza kikatoka chote kimoja kama ganda la ndizi. Hakikuondoka na damu wala nyama. Chini yake kidonda kilikuwa cha waridi na chenye kung'aa, na nesi akakisifia kama mtu anayesifia gauni. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la kunawia, nikakaa huko muda kuliko ilivyohitajika.

Sasa nisikupoteze, mzazi mwenzangu, ukadhani jeli ni muujiza. Nesi alituambia wazi kwa nini hakuiweka tangu siku ya kwanza: kidonda kinachotoa maji mengi hakiifai, kwa sababu yenyewe tayari imejaa maji, haina nafasi kubwa ya kunywa mengine, na ngozi nzima ya pembeni inalowa mpaka inakuwa nyeupe na kulegea kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Kidonda chenye maambukizi nacho kina utaratibu wake. Na jeli ya kawaida haiui vijidudu. Shemeji alinitafutia mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yaliyokusanya majaribio ya dawa na bendeji za vidonda vya moto. Waliandika kwamba vilivyowekewa haidrojeli vilionekana kupona haraka kuliko vya matibabu ya kawaida, lakini wakaonya kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa ubora. Kwa hiyo sisemi jeli ndiyo iliyomponya binti yangu. Pengine angepona hata kwa gozi. Ninachojua ni kile nilichokiona akikivuta kwa vidole viwili.

Nikamuuliza shemeji swali ambalo nadhani kila mzazi angeuliza. Kama wanaweza kutengeneza kitu kama hiki, kwa nini wasitengeneze kimoja kinachofanya yote? Kilete unyevu, kiue vijidudu, kishike hata kwenye kiwiko, kitoe dawa ya maumivu kidogo kidogo, kituambie kidonda kikiharibika, na kitoke bila kilio.

"Shemeji," akaandika, "hicho ndicho wanachokitafuta dunia nzima. Shida ni kwamba kila kazi unayoiongeza inadai malipo."

Akanipa mifano. Ukitaka iue vijidudu, unaweza kuchanganya madini ya fedha, hii hii ya pete na mikufu, kwa vipande vidogo sana. Inaua kweli. Lakini ikizidi inazisumbua pia zile seli changa zinazotambaa. Wengine wanatumia kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Hiyo ina chaji chanya, na ngozi ya bakteria ina chaji hasi, kwa hiyo inawavuta na kuwatoboa. Ukitaka jeli isipasuke mtoto akikunja mkono, unaweza kuifunga kwa vifundo vinavyofunguka na kujifunga tena vyenyewe, ili ufa ukitokea ujizibe. Lakini vifundo legevu vinafanya bendeji iwe nyepesi kuchanika. Ukitaka ishike mahali penye majimaji, unamwiga kome anayeng'ang'ania mwamba huku mawimbi yakimpiga. Wameshaichunguza gundi yake na kuitengenezea mfano. Lakini kinachoshika kama kome kinatoka vipi kwenye mkono wa mtoto wa miaka minne?

Hapo ndipo niliposoma kwa makini, maana hilo lilikuwa swali langu mimi. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, likiongozwa na Mark Grinstaff, lilieleza haidrojeli waliyoitengenezea vidonda vya moto vya kiwango kama cha Neema. Vifundo vya wavu wake vimechaguliwa ili vikatwe na kimiminika fulani. Wakati wa kubadilisha, haivutwi. Unamimina kile kimiminika, wavu unafunguka, jeli yote inayeyuka na kuoshwa. Wameijaribu kwa panya. Nimeisoma ile taarifa ya kitaalamu kwa shida, nusu ya maneno sikuyajua, lakini aya ya mwanzo niliielewa kabisa. Inazungumzia maumivu ya kubadilisha bendeji. Kuna watu wenye maabara nzima ambao waliketi wakaona kwamba kile kilichotokea kati yangu na mwanangu kwenye kitanda kile ni tatizo la kushughulikiwa, si sehemu ya kupona ambayo mtoto anapaswa kuivumilia.

Mfano mwingine alionitumia ni wa mwaka 2019, kutoka kwa watafiti wa Harvard na McGill. Ngozi ya mtoto akiwa bado tumboni, ikipata jeraha, hujikusanya yenyewe na kulifunga. Wao wakatengeneza bendeji ya kuiga hilo: ikiguswa na joto la mwili inasinyaa, na kwa kuwa imeshika kingo za kidonda, inazivuta zikaribiane. Ndani yake wametia ile fedha ya kuzuia vijidudu. Nayo ilijaribiwa kwenye ngozi ya nguruwe na kwa panya. Vitu hivi ukivisoma kwenye simu usiku unaweza kudhani kesho viko duka la dawa. Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto wa mtu ni safari ya miaka mingi na pesa nyingi, na vingi havifiki.

Kitu kilichonifanya nicheke ni kwamba ile bendeji ya 2019 ina aljineti, ambayo inatoka kwenye mwani. Huo ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si wa kwetu. Lakini Zanzibar tunalima mwani mwekundu tangu mwaka 1989, wakulima wengi wakiwa akina mama wanaofuata maji yanapokupwa, na kinachotolewa kwenye mwani huo, karajinani, nacho kinatengeneza jeli, na kipo kwenye orodha ya vitu ambavyo maabara za haidrojeli zinavichunguza kwa ajili ya vidonda. Sehemu kubwa tunauza nje ukiwa mkavu, unarudi kwetu kwenye aiskrimu na, naomba unisikilize, kwenye baadhi ya dawa za meno. Kwa hiyo huenda ile siku nilipaka mwani wa Paje kwenye mkono wa mwanangu bila kujua, kwa njia mbaya kuliko zote.

Sasa pesa. Kipande kimoja cha jeli kilikaribia ninachopata kwa siku mbili, na bima yetu haikuwa nacho kwenye orodha yake. Tulihitaji vitatu. Tulivipata kwa kuahirisha kitu kingine, na si kila nyumba ina cha kuahirisha. Kwenye benchi lile tulikaa na mama mmoja kutoka nje ya mji, mwanawe alikuwa ameangukia sufuria ya uji. Aliona jeli ya Neema akaniuliza bei. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa tu, akaendelea kumpepea mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hivi hufa kila mwaka kwa majeraha ya moto, wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea nyumbani. Nilipouliza kama hakuna njia kwa asiyeweza jeli, nesi alisema ipo: gozi iliyopakwa mafuta ya vaselini, safi, ya hospitali, inashika kidogo sana kuliko ile kavu, na bei yake ni nafuu. "Ulizieni," alisema. "Watu hawaulizi." Basi naipitisha kwako. Uliza kama ipo isiyoshika. Uliza kama mtoto anaweza kupewa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Omba bendeji iloweshwe na wasubiri kidogo.

Na ile ndoo ya maji. Mtoto akiungua, mweke chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama bomba halitoki, mmiminie polepole kwa kopo. Si barafu. Si dawa ya meno, yai, mafuta, chumvi wala unga. Mvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha kabla hajavimba, isipokuwa kilichogandia kwenye ngozi. Mwili wake mwingine ufunike asipate baridi. Ukichelewa kidogo bado maji yanasaidia, hata ndani ya saa tatu. Kisha funika kwa kitambaa safi au ile nailoni ya kufunikia chakula, bila kukaza, umpeleke hospitali, hasa kama ni usoni, mikononi, kwenye viungo, sehemu za siri, au kama eneo ni kubwa kuliko kiganja chake yeye mwenyewe. Ukiwa umeshafungwa kidonda nyumbani, harufu mbaya, usaha, homa au wekundu unaosambaa ni safari ya siku hiyohiyo, si ya tarehe ya kliniki.

Siku ya 19 daktari alisema hakuna haja ya kufunga tena. Mkono ulikuwa na rangi mbili, ya zamani na nyingine nyepesi kama chai iliyozidi maziwa, mfano ambao nisingependa kuutumia lakini ndivyo ulivyo. Rangi inarudi taratibu. Kitambaa cha meza mama yake alikikunja akakiweka kabatini na hakijatoka tena. Hakuwahi kunilaumu kwa sauti. Chai sasa mimi huiweka juu ya friji, na wageni wananishangaa.

Kipande cha jeli kilichobaki na ukingo kidogo baada ya kukata, Neema aliomba ampe mwanasesere wake. Kilikaa kwenye mguu wa mwanasesere siku nne kikakauka kikawa kama ukucha, na akanionyesha, "Baba, maji yake yameondoka."

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoka shule, jua kali, na pale kwenye kivuko magari hayakuwa na huruma. Nilikuwa nimeshazoea kutembea karibu naye bila kunyoosha mkono. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika pakiti ya ubuyu, vidole vyote vyekundu, kwa hiyo akanipa wa kushoto.